Vijana wa kufyeka shamba, upande wa Wete, Pemba: nyota nne kati ya tano

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Shamba la eka tatu lililokaa miaka sita bila ya kuonja panga, vijana sita, siku tano (Ijumaa wanafanya nusu siku): shilingi 480,000. Kuangusha na kupasua mnazi mmoja uliokufa, kwa msumeno wa mota: 45,000. Gari ya ng'ombe ya kubeba taka: 25,000, na hii sikuambiwa mwanzo. Chai ya asubuhi walikuja nayo, chakula cha mchana kilikuwa juu yangu. Siku ya mwisho nikawapa 30,000 ya soda kwa hiari yangu, na sababu nitaisema.

Mie ni fundi cherehani. Nakaa Mikunguni hapa Unguja, mwaka wa thelathini na moja huu, na mikono yangu inajua mkasi kuliko jembe. Lakini kwetu ni Pemba, na shamba letu ni katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipewa babu, likaja kwa baba, baba alipofariki tukabaki nalo ndugu wanne: kaka yuko Maskati, mdogo wetu Dar es Salaam, dada kaolewa Mkoani na magoti yanamsumbua, na mie. Kila mmoja akijua kuwa yuko mwengine anayekwenda kuangalia. Kwenye kundi letu la simu tunatumiana dua za Ijumaa, picha za harusi, na kila baada ya miezi mtu anaandika "jamani shamba tusilisahau", wengine tunaitikia "kweli kabisa", basi, imekwisha.

Walioko Unguja na ng'ambo wenye mashamba Pemba wananielewa. Mikarafuu ikizaa tunampigia mtu, anatafuta wachumaji, karafuu zinapelekwa ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, tunatumiwa chetu. Mwaka usiozaa hakuna anayeuliza. Na majani hayapigi simu.

Aliyepiga simu ni Sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa wa kule shambani. Ilikuwa kaskazi ya mwaka huu, ule upepo mkavu wa Januari na Februari. Kauli yake ya kwanza baada ya salamu: "Dada, shamba lenu limepitisha moto." Nikamuuliza limeungua? Akasema, limeungua kidogo, lakini limepitisha. Sikumfahamu mpaka nilipofika mwenyewe miezi minne baadaye. Moto ulianzia mbali huko juu, wanasema kwa warina asali. Mashamba mawili yaliyofyekwa ukayavuka kwa shida, ukitambaa chini kama kinyonga. Ulipofika kwetu ukakuta nyasi zinazomfika mtu kifuani, makuti makavu ya miaka sita, vijiti, na magugu ya kila namna. Ukasimama wima. Ukarukia kwa jirani ukiwa na urefu wa mnazi mchanga, na ukamkaushia mikarafuu mitatu inayozaa.

Jirani huyo namwita Ami, maana na baba walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Hakudai kitu. Hakwenda kwa Sheha kushitaki, hakwenda mahakamani. Nilipomfikia kumpa pole alikuwa amekaa barazani anachambua mbaazi, akanambia bila ya kuinua kichwa: "Moto haukuanza kwako, mwanangu. Lakini kwako ndiko ulikokula ukashiba."

Mkarafuu ukiupanda leo utangoja miaka saba, minane, ndipo uanze kukupa kitu cha maana. Ami kapita sabini.

Sasa kabla ya hawa vijana ninaowasifu, kuna wengine. Sitawataja, na wao wenyewe wanajijua. Baada ya ile simu ya Sheha nilipewa namba na jamaa, nikazungumza na mtu mwenye sauti ya kistaarabu kabisa, nikatuma 150,000 ya kuanzia. Wiki ya pili ikaja picha: shamba jeupe, limekwatuliwa likang'aa, hata jani la kufutia kalamu hakuna. Nikaisambaza kwa ndugu, kila mtu mashaallah, mashaallah. Dada yangu wa Mkoani peke yake ndiye aliyeuliza: "Huu mwembe hapa kushoto ni wa wapi?" Shamba letu halina mwembe. Halijawahi kuwa na mwembe. Baba alikuwa hali maembe.

Hizo pesa nimeshazihesabu ni sadaka. Ila ndizo zilizonifanya nifunge duka mwezi wa Juni, nipande boti mpaka Mkoani, na kutoka hapo nibanane garini mpaka Wete na begi langu la kazi miguuni.

Hawa vijana utawakuta asubuhi karibu na stendi ya Wete, mapanga yamefungwa kwenye magunia, wanakunywa chai ya tangawizi. Hawana ofisi wala kibao. Ukiuliza "wale wa kufyeka" utaonyeshwa. Mkubwa wao ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, sauti ndogo, wenziwe wanamwita Nahodha na mie nitamwita hivyo hivyo.

Kitu cha kwanza kilichonipendeza: alikataa kunitajia bei pale stendi. Nilimwambia eka tatu, mikarafuu na minazi, majani mengi, sema bei. Akanijibu, "Bi mkubwa, shamba halinunuliwi kwa kusimuliwa. Twende tukalione." Nauli ya kwenda na kurudi akalipa yake. Tulipofika hakuingia moja kwa moja. Alizunguka ukingo mzima na kigoe chake mkononi, kile kijiti chenye ndoano, akivuta matawi, akichungulia, akipiga ardhi. Kisha akaniuliza maswali matatu. Mpaka wenu uko wapi? Kuna mti wa mtu mwengine humu ndani? Na nini hamtaki kikatwe?

La kwanza sikulijua. La pili nilijua nusu. La tatu nilijibu haraka haraka kama mjuzi, na hapo ndipo nilipokosea, nitafika.

Mpaka tulikwenda kumwomba Ami. Alikuja na bakora yake, akasimama chini ya mshokishoki mkubwa wa pembeni, akahesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye kichaka cha michongoma, akasema: "Chimbeni hapa." Kijana mmoja akafyeka, akachimbua kwa ncha ya panga, na jiwe likatoka, la saruji, lina alama juu yake, limekumbatiwa na mizizi. Miaka sita sote wanne tulikuwa wenye shamba, na mwenye kujua shamba linaishia wapi ni jirani tuliyemuunguzia mikarafuu. Akasema baba alikuwa akiufyeka ukingo ule mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada ya masika, upana wa hatua nne, na kuwa yeye Ami alikuwa akifyeka hatua nne upande wake. "Tulikuwa tunakutana hapa katikati, tunakunywa dafu moja." Nahodha hakusema kitu, ila kazi aliianzia hapo, kwenye zile hatua nne, na siku nzima ya kwanza hawakugusa pengine popote.

Hilo ndilo ningependa mlizingatie mkitafuta wafyekaji, wawe hawa au wengine. Wengi huanza katikati, panapoonekana, ili ukija uone kazi. Anayeanza mpakani anamfikiria na jirani.

Siku ya pili ilikuwa ya upupu. Bondeni ulikuwa umepanda mpaka juu ya minazi michanga ukaifunika kama shuka. Maganda yake yalikuwa yameanza kukomaa, yale yenye manyoya ya dhahabu ukiyatazama mazuri, na ukiyagusa unaweza kujivua ngozi. Wakafika alfajiri, jua halijatoka, umande unadondoka. Nahodha akanieleza: upupu hukatwa ungali umelowa, vinyweleo vimeshikana, havipepei. Ikifika saa tatu jua likapiga, wanaacha, wanahamia pengine. Wakauzungushia kamba, wakauburura ukiwa mbichi mpaka shimoni, wakaufukia. Mie nilikaa mbali upande unaotoka upepo na ukanifikia hivyo hivyo, kidogo shingoni. Nikajikuna mpaka Magharibi.

Taka ndizo zilizonitoa machozi zaidi. Ukingo wa chini wa shamba unapakana na njia, na kwa kuwa pori lilikuwa halina mwenyewe, likapata wageni. Walitoa godoro. Walitoa kasha la televisheni lisilokuwa na kitu ndani. Mabati, pampasi zisizo idadi, chupa, matofali, vifuu na maganda ya madafu yaliyojaa maji ya mvua, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vinacheza. Magunia kumi na saba. Mwanamke mmoja alikuwa akipita njiani na ndoo kichwani, akasimama kututazama, akasema, "Aa, kumbe hili shamba lina watu." Hakukusudia kunivunjia heshima, ila iliingia.

Hapa pana dosari ya kwanza. Nahodha alinipigia hesabu ya kufyeka, hakunipigia hesabu ya kuondoa taka. Ilipofika jioni magunia yamepangwa njiani akanambia, kwa adabu, gari ya ng'ombe ni 25,000. Haki yake, sikatai, lakini lilikuwa la kuambiwa asubuhi ya kwanza alipokuwa anazunguka na kigoe. Ukiwaita, uliza: pamoja na taka au bila ya taka?

Sasa mnazi. Wasomaji wa Bara huenda hili likawashangaza: kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa yule. Ardhi yenyewe kwa sheria ya 1992 ni mali ya umma, sisi tunashika haki ya kuitumia, lakini mti ni mali yake peke yake, unauzwa, unarithiwa, unawekwa rehani. Baba, wakati mama anaumwa, aliuza minazi miwili ya kule bondeni. Aliuza minazi, hakuuza ardhi. Aliyeinunua kafa, ikaenda kwa mwanawe anayekaa Chake Chake. Mmoja ukapigwa na radi. Ukakauka kichwa, ukabaki umesimama kama nguzo ya umeme, mwaka wa pili huu.

Nahodha alikataa kuugusa. "Huu si wako, bi mkubwa. Nipatie kauli ya mwenyewe." Nikapiga simu Chake. Mwenyewe akanijibu, mnazi wake, tumwachie mwenyewe, atakuja. Lini? Atakuja. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Mnazi ule kila upepo ukivuma unalia, na chini yake ndipo vijana wanapofyeka, na upande wa pili watoto wa skuli wanapita.

Tena si kuanguka tu. Alhamisi jioni Ami alinichukua akanionyesha minazi yake mitano ya karibu na pale. Makuti yake mapya yamekatwakatwa pembe pembe, sawa kabisa na kitambaa ulichokipitisha kwenye mkasi wa meno. Nilidhani mtu kayakata. Akasema, "Huyo chonga." Chonga ni yule dudu mweusi mwenye pembe, anatoboa moyo wa mnazi ukiwa haujafunguka, kuti likija kufunguka linatoka na mapengo. Na mahali anapotaga ni kwenye gogo la mnazi linalooza. Mnazi mmoja mfu unalea chonga wa mtaa mzima.

Kwa hiyo mnazi ni wa Chake, ardhi ni yetu, na chonga ni wa Ami. Nani aondoe?

Ijumaa baada ya swala nilimwendea Sheha. Akampigia yule bwana mbele yangu, akaweka sauti wazi, akamwambia maneno ambayo ningeyatia kwenye fremu: "Kama ni wako, njoo uuondoe leo. Kama huji, usimzuie anayeuondoa." Kimya kidogo. Kisha yule bwana: "Basi kateni, lakini gogo langu." Sheha akasema sawa, gogo lako.

Jumamosi ukaangushwa. Hiyo kazi ilikuwa safi, sina la kusema. Walifunga kamba mbili, wakawaondoa watoto, wakauelekeza upande usio na mkarafuu, ukalala pale pale walipochora mstari kwa jembe. Walipoupasua, ndani hamna mbao, ni kama unga wa kahawia uliolowa, na kwenye unga huo wamelala funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja kama herufi ya C, kichwa chekundu. Nilihesabu thelathini na nane kwenye kipande kimoja cha urefu wa cherehani yangu, nikaacha kuhesabu. Ami akaita kuku wake. Sijapata kuona kuku wenye furaha namna ile. Nahodha akapiga picha, tukaituma Chake: gogo lako hili hapa, uje ulichukue. Hakujibu mpaka leo.

Vipande wakavipasua vyembamba wakavianika juani vikauke mpaka ndani, funza asipate pa kukaa. Kilichobaki nimeambiwa kimeshakuwa kuni.

Kulikuwa pia na mkarafuu mmoja mkavu upande wa juu, ulioungua. Nikawaambia huo nao uondoeni. Wakakataa. Mkarafuu hauangushwi bila ya kibali, kuna sheria ya karafuu ya 2014, na Nahodha akasema hata ukiwa umekufa yeye panga lake haligusi mpaka aone karatasi. Nilikereka wakati ule, nikaona ananichelewesha. Usiku nikafikiri, angeukata, mwenye kuulizwa nani? Karatasi nimeiombea, nangoja.

Tuje kwenye miche. Masika ya mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikwenda akapanda miche kumi na miwili ya mikarafuu, ile inayotolewa bure na vitalu vya Serikali. Akapanda, akapiga picha, akaondoka. Mie nilikuwa nimesahau kabisa. Nahodha aliponiuliza nini kisikatwe nilimjibu, "Kata yote, bakisha mikarafuu na minazi." Mikarafuu kwa akili yangu ni ile inayohitaji ngazi.

Jumamosi mchana, baada ya heka heka za mnazi, nilikuwa napita nyuma ya vijana wawili waliokuwa wanafyeka kuelekea mfenesi. Nikaona kijiti kimekatwa mshazari, kibichi, kina majani mawili mawili yanayong'aa, mekundu kidogo ncha zake. Sijui nini kilinifanya niiname. Nikachuma jani, nikalifikicha, nikalinusa. Karafuu.

Nilipiga ukelele. Wakasimama wote. Minne ilikuwa imeshakwenda.

Hapa ndipo nilipomjua Nahodha ni mtu wa namna gani. Hakunijibu "hukusema", na hakika sikusema. Aliwaita wenziwe, wakaweka mapanga chini, wakapiga magoti, wakaanza kutafuta kwa mikono, jani kwa jani, mpaka wakaipata minane iliyobaki. Akaniuliza kama nina kitambaa. Mie na begi langu la kazi, vipande vya khanga havikosekani. Tukachomeka vijiti, tukafunga khanga nyekundu kila mmoja. Akanieleza kwa nini ilikuwa haionekani: mche wa mkarafuu unapenda kivuli ukiwa mdogo, ndiyo maana watu huupandia kwenye migomba au muhogo, na hii yetu ilipata kivuli cha nyasi, ikanyamaza humo humo. Kesho yake, Jumapili, akaja na miche minne kwenye mifuko, akaipanda mwenyewe, akaisimikia makuti upande wa jua. Nikamuuliza bei, akasema hapana.

Lakini minne ilikatwa. Mfyekaji mwenye uzoefu wa mashamba ya karafuu, akiona shamba la mtu wa mjini aliyevaa viatu vya mchuchumio (ndiyo, nilivaa, msinicheke), alitakiwa aulize mara mbili: hakuna miche? Nusu ya kosa hilo naichukua mie. Nusu yake ndiyo nyota niliyoizuia.

Halafu hawana vifaa vya kujikingia. Wanafyeka na makubadhi. Mmoja alijikata kwenye kidole cha mguu, tukamfunga kwa kipande cha khanga hizo hizo. Nyoka tuliwaona wawili. Kwa bei wanayochukua wanaweza kununua mabuti, na sisi wenye mashamba tunaweza kuongeza kidogo wakanunua.

Na moto. Siku ya nne walikuwa wamekusanya mabiwi tisa ya majani na vijiti, makubwa kila moja kama kibanda. Kawaida yao ni kuyachoma. Nahodha akanambia, "Tunachoma jioni, upepo umetulia." Ami alikuwa amekaa kwenye gogo, hakusema kitu, alitazama tu upande wa mikarafuu yake mitatu. Nikasema hapana, humu hakiwashwi hata kibiriti. Mwengine angenibishia, maana kuchoma ni saa moja na kubeba ni nusu siku. Wakabeba. Vijiti wakavipanga njiani, wanawake wa jirani wakavimaliza kwa kuni kabla ya Magharibi. Majani wakayatandaza chini ya mikarafuu, wameacha nafasi kuzunguka shina, yaoze yashike unyevu. Hiyo nusu siku hawakuidai. Ndiyo ile 30,000 ya soda.

Jumapili jioni shamba lilikuwa linaonekana kutoka mpaka hadi mpaka. Nilikuwa nimesahau kuwa lina mteremko. Mchumaji mmoja alipita, akasimama, akaingia bila ya hodi, akatazama juu kwenye mikarafuu, akatazama chini. Akanambia mwaka jana walikataa kuja kwetu. Ngazi haisimami, karafuu ikianguka haiokoteki, na mtu hajui anakanyaga nini. Akaacha namba yake ya simu, msimu ukianza Julai nimpigie.

Kaka wa Maskati nilipomtumia hesabu akaniletea sauti: "Karibu laki sita, kwa majani?" Sikumjibu kwa maneno. Nilimtumia picha ya mikarafuu mitatu ya Ami, iliyosimama mikavu, na Ami chini yake na bakora. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akatuma laki tatu, na ujumbe kuwa laki moja katika hizo ni ya Ami. Ami amezikataa. Amesema akitaka kumlipa aje mwenyewe afyeke zile hatua nne baada ya masika.

Kwa mwenye kuwataka hawa vijana: nendeni stendi ya Wete kabla ya saa moja asubuhi, baadaye wameshachukuliwa. Msiwatumie pesa kwa simu, si kwa kuwa si waaminifu, ila hawapokei kazi wasiyoizunguka, na watakuulizeni yale maswali matatu. Mtafuteni wa kuwaonyesha mpaka kabla hamjawaita. Msimu wa karafuu ukishaanza hamtawapata, maana wao pia ni wachumaji.

Kuhusu nyota ya tano: ile miche minne imepandwa mwishoni mwa mvua, na Nahodha mwenyewe alisema wakati si wake, ilistahiki kungoja vuli. Mjukuu wa Ami anaimwagilia kila baada ya siku moja, nimemwahidi kanzu ya Idi. Juzi kanitumia picha. Mitatu imesimama. Mmoja umekunja majani, lakini anasema shina bado bichi, amelikwaruza kwa ukucha.